Nimezoea kununua cha kuuza, gari hili nalitaka la kuendesha

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza vitenge kwa jumla Kariakoo, naishi Kinyerezi na mume wangu na watoto watatu. Nimekusoma muda mrefu nikijua iko siku nitakuwa na la kuuliza. Sikudhani litakuwa la gari.

Tangu nianze biashara sijawahi kununua kitu bila kujua nitakiuza shilingi ngapi. Kitenge nakishika kwa vidole viwili, nakisugua kidogo, nakigeuza nione kama rangi imepenya upande wa nyuma, na kabla sijakirudisha kwenye robota nimeshajua bei yake ya jumla, ya rejareja, na ile ya mwezi wa kwanza wakati watu hawana hela. Hata kiwanja tulichojenga nilikinunua nikijua nani atakitaka tukishindwa.

Sasa nina shilingi milioni 58 za gari. Nimezikusanya miaka minne na hakuna mkopo ndani yake. Miaka yote hiyo naendesha kirikuu ya dukani. Asubuhi inanipeleka, mchana inabeba mzigo, usiku inanirudisha. Haina kiyoyozi, na kutoka lami mpaka kwangu kuna kama mita 600 za mchanga na mawe ambazo masika zinageuka korongo.

Mwezi wa kumi na mbili mdogo wangu wa kike alitupeleka Lushoto kwa gari lake, BMW X3. Tulipofika Mombo akasema amechoka, nikapokea usukani. Mama, kile kipande cha kupanda mlima, kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule! Gari linaingia kwenye kona wala haliyumbi. Ukigusa mafuta linaitika hapo hapo. Barabara unaisikia kwenye viganja, kama ninavyosikia kitambaa. Tulisimama Soni kununua matunda, na ndipo nilipotambua kwamba njia nzima nilikuwa naimba. Mume wangu alikuwa kiti cha nyuma na watoto. Alisema neno moja tu: "Umefurahi."

Tangu siku hiyo sina raha. Wakala wa kuagiza magari kaniletea hesabu mbili, zote mpaka gari lipate namba. X3 ya 2013, kilomita 71,000, petroli, cc 1997: milioni 42. Toyota Harrier ya 2014, kilomita 88,000, cc 1986: milioni 57. Mume wangu anasema Harrier, na hataki mjadala mrefu. Anasema Harrier ukipata shida Jumatatu, Alhamisi imeuzwa; BMW utaitembeza kwa madalali mwaka mzima. Ana haki ya kusema. Julai 2021 soko la Kariakoo lilipoungua, duka langu halikuguswa na moto, lakini biashara ilisimama na nilikuwa na mzigo bandarini unasubiri kulipiwa. Aliuza Premio yake kwa siku nne. Mzigo ukatoka, duka likapona. Yeye akapanda daladala miaka miwili.

Fundi wetu anasema Mjerumani atanifilisi. Shoga yangu alikuwa na gari la Kijerumani la aina nyingine, likakaa gereji wiki saba linasubiri kifaa kutoka Dubai. Kaka yangu anasema nichukue RAV4 ya zamani kwa milioni 30, zinazobaki niongeze mtaji.

Hesabu naijua. Kununua kitu kinachoshuka bei ni kosa ambalo ningemgombeza nalo binti anayenisaidia dukani. Lakini kila nikipanda kirikuu naziona zile kona. Je, huu ni utoto? Mwanamke wa umri wangu, mwenye ada za shule za kulipa, anaruhusiwa kununua furaha inayopoteza thamani?

Mama wa Vitenge, Kinyerezi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari za magari, mara ya pili nikasoma hesabu, na mara ya tatu nikakwama kwenye Premio. Nitaifikia.

Kwanza nikurudishie swali lako uone kama nimelisikia vizuri. Una magari mawili mezani. Moja moyo wako unalitaka, na wote wanaokupenda wanakukataza. La pili wote wanalikubali, ila wewe katika barua ndefu namna hii hukuliandikia lolote zaidi ya bei na kilomita. Unaogopa kwamba ukichagua lile la kwanza utakuwa umeisaliti akili ile ile iliyokulisha na kusomesha watoto wako.

Umeuliza kama ni utoto. Mtu aliyekaa miaka minne kwenye kirikuu isiyo na kiyoyozi ili asikope, kisha akaniandikia kabla ya kulipa, sioni utoto wake uko wapi. Hilo naomba tuliweke pembeni ili tuongee mambo yenye uzito.

Tuanze na hiyo hasara unayoiogopa. Umejiuliza kwa nini gari lenye jina kubwa vile linakujia kwa bei ndogo kuliko Toyota? Japani gari la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo ukaguzi na matengenezo yanavyomuuma mwenye nalo. Magari ya Ulaya huanguka bei mapema kule. Maana yake sehemu kubwa ya hasara ya hiyo X3 ameshaibeba Mjapani aliyeinunua mpya. Harrier haijaanguka hivyo, na ndiyo maana heshima yake unailipia wewe, mapema.

Chukua daftari la dukani. Tuseme, na haya ni makadirio yangu ya kutusaidia kufikiri, baada ya miaka 5 Harrier ya milioni 57 inauzwa 40, na X3 ya milioni 42 inauzwa 20. Ukipiga kwa asilimia, X3 imekuaibisha: imepoteza zaidi ya nusu. Ukipiga kwa shilingi, Harrier imekula milioni 17 na X3 imekula 22. Tofauti ni milioni 5 kwa miaka 5. Hapo tunaongelea milioni moja kwa mwaka, na siku ya kununua X3 inakuachia milioni 16 mkononi wakati Harrier inakuachia moja.

Sasa kigeuze kitenge uone upande wa nyuma. Hizo milioni 16 ndizo zitakazokuwa za gereji, na zinakutegemea wewe uziache zilale. Siku mzigo mzuri umefika bandarini na jirani yako wa duka anaugombea, mimi na wewe tunajua zitakwenda wapi. Halafu gari litaumwa wiki hiyo hiyo.

Jambo jingine ni kinachoshikilia bei za magari hapa Dar. Gari la cc kati ya 1001 na 2000 likiingia bandarini linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, VAT asilimia 18, na likiwa limepita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Hayo yote yamo ndani ya hizo milioni 42 na 57. Anayelitaka gari kama lako ana njia mbili: aagize alipe yote hayo, au anunue lako. Kwa hiyo bei yako haitakwenda mbali na gharama ya kuagiza jingine linalofanana nalo. X3 zikiendelea kushuka Japani, na yako itashuka hapa Kinyerezi ikiwa imeegeshwa tu. Na kwenye kasi ya kuuza mume wako amesema kweli: wanunuzi wa Harrier ni wengi, wa X3 unawahesabu kwa vidole, na kila mmoja atakuja na fundi wake.

Tuje kwa fundi wako. Hakudanganya, ila amesema kwa jumla mno, na ugonjwa wa gari hautibiki kwa jumla. X3 za petroli za cc 1997 za miaka ile zina injini inayoitwa N20. Tatizo lake linajulikana: vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni ya taimingi huchakaa na kuvunjika, mabaki yakadondokea chini kwenye sampo, yaani bakuli la oili la injini, na cheni ikiruka injini imekwenda. Huwa na tabia ya kuvuja oili kwenye gasketi ya nyumba ya filta. Pampu yake ya maji ni ya umeme, na inaweza kufa bila kukuaga. Hata ukibadilisha betri, kompyuta ya gari inatakiwa iambiwe. Kwa hiyo swali la kumpelekea fundi yeyote kabla ya shilingi kutoka ni moja: cheni na plastiki zake zimewahi kubadilishwa, na kama bado, kazi hiyo hapa Dar ni shilingi ngapi pamoja na vifaa? Akianza kuzungushazungusha maneno, tafuta mwingine ambaye amewahi kuifungua injini hiyo kwa mikono yake.

Na Toyota nayo tusiifanye malaika. Harrier uliyotajiwa ina gia ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua, na oili yake ni ya kwake peke yake. Ukiwekewa iliyopo tu gereji, unaiua taratibu bila kujua. RAV4 anayoisema kaka yako, kama ni ile yenye injini ya cc 2362, inasifika kwa kunywa oili, na nimeona watu wakiziendesha mpaka zikakauka kwa kuamini kwamba Toyota haifi. Tofauti kubwa iko kwenye spea. Kutoka dukani kwako unatembea kwa miguu mpaka Gerezani, na shokapu ya Harrier unaikuta mpya na mtumba, unachagua kwa mfuko wako. Ya X3 huenda ukaagiza na kusubiri kama shoga yako. (Kwa sababu hiyo hiyo ya soko, ukichukua Harrier chora namba kwenye vioo vya pembeni mapema. Wezi nao wanajua kinachouzika.)

Kuna kitu kidogo ambacho nakuomba ukafanye kabla ya vyote. Nenda kwa mdogo wako, fungua buti la X3 yake, inua kapeti, utazame kama kuna tairi la spea. Nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani bila spea, zikapewa tairi ngumu za kutembea hata zikiwa zimetoboka. Zifikirie kwenye zile mita 600 zako za mawe, kila siku, kwenda na kurudi. Muulize ameshabadilisha tairi ngapi, na amezipata wapi.

Halafu kuna jambo ambalo barua yako imelipita. Umetoka kwenye kirikuu ukaingia kwenye X3. Harrier hujasema umewahi kuiendesha. Huenda nayo ingekuimbisha, huenda ingekulaza usingizi. Hujui, na hata mimi sijui. Vitenge viwili hujawahi kuvipima kwa kushika kimoja. Ipo pia Mazda CX-5 ya petroli ya cc 1997, ambayo nyumbani kwenu hakuna aliyeitaja: ina gia ya kawaida ya hatua sita, haina CVT, na wapenda kuendesha wanausifu usukani wake. Haiuziki kwa kasi ya Harrier, na ile ya dizeli sikushauri uikaribie kwa ajili ya foleni, maana filta yake ya moshi inataka safari ndefu ili ijisafishe. Nimeitaja ili usione kwamba dunia ina milango miwili tu.

Na hiyo furaha nayo tuitazame. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale Buguruni, X3 na kirikuu zinakwenda mwendo mmoja. Kitakachokufurahisha pale ni kiyoyozi, kiti kisichoumiza mgongo, na ukimya ukishapandisha vioo. Hayo hata Harrier unayo. Zile kona za kupanda Lushoto ni kama kilomita 33, na sijui kwa mwaka utakwenda mara ngapi. Lakini sitaki nikipunguze ulichokisikia. Mtu anayejua kitu kwa viganja vyake, kama wewe, anaijua tofauti hata kwenye barabara fupi ya Jumapili asubuhi, na kuambiwa "ni gari tu" hakutamsaidia. Unachoweza kufanya ni kuiazima X3 kwa siku tano za kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwenye njia yako mwenyewe. Ukifika Ijumaa bado unaitafutia sababu ya kuzunguka mbali kidogo kabla ya kurudi nyumbani, utakuwa umejifunza kitu. Ukifika Jumatano unawaza tairi, nayo ni habari.

Sasa Premio.

Umeandika kwamba aliuza gari lake kwa siku nne, duka likapona, akapanda daladala miaka miwili. Sentensi fupi fupi, kisha ukaruka kwenda kwa fundi. Mwanangu, nahisi, na naweza nikawa nimekosea, kwamba mume wako akisema "Harrier" hazungumzii bei ya magari. Anazungumzia zile siku nne za Julai. Kwake gari ni kile kitu kilichowaokoa kwa sababu kiliweza kuachwa haraka. Wewe unamletea gari ambalo mtalipenda kiasi cha kushindwa kuliacha, na ambalo soko nalo halitawasaidia kuliacha. Anaogopa, na anakataa mjadala kwa sababu woga hauna hesabu za kukuonyesha. Labda kuna na la pili: ile Premio aliipenda? Hukuandika. Mliwahi kuizungumzia tangu ilipoondoka, au ilikwenda kimya kimya kwa vile duka lilihitaji?

Kama niko karibu na ukweli, gari hili mnalibebesha kazi mbili. Wewe unataka likufurahishe, yeye anataka liwe akiba. Kazi ya pili vipo vitu vingine vinavyoiweza. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa mfano: ukiuza vipande vyako, fedha inarudi ndani ya siku chache za kazi, bila dalali. Sehemu ya zile milioni 16 ikikaa mahali kama hapo na yeye anajua iko wapi, huenda Harrier ikapoteza nguvu yake mbele yake. Huenda pia isipoteze. Na kumbuka shilingi moja haiwezi kulilinda duka na kuilinda cheni ya injini kwa wakati mmoja. Ukizigawa 16 mara mbili, kila upande unabaki mwembamba. Unaweza kuamua kusubiri mwaka mwingine ujaze pande zote mbili. Gharama yake ni mwaka mwingine wa kirikuu, na mgongo ni wako.

Ninachokihofia zaidi ni namna mtakavyofika kwenye uamuzi. Ukinunua X3 yeye akiwa amenyamaza tu, kila taa ya injini itakayowaka kwenye dashibodi itakuwa ushahidi dhidi yako, na utaanza kumficha safari za gereji. Ukichukua Harrier ili kumridhisha, utamtazama kila mkipanda mlima, naye atajua. Nyumba yenye watu wawili waliovuka Julai ile pamoja haistahili gari la kinyongo, la aina yoyote.

Kwa hiyo ukishaazima X3 kwa zile siku tano, usiirudishe Ijumaa. Kaa nayo mpaka Jumapili, watoto wabaki kwa shangazi yao, na mwende wawili tu kwa barabara ya Morogoro. Lushoto alikaa kiti cha nyuma. Safari hii mpe ufunguo yeye. Usimuulize kitu chochote kuhusu bei. Muulize kuhusu ile Premio, na zile asubuhi za daladala, kisha umwache aongee.

Halafu niandikie alisema nini mlipofika Kibaha.